Alama Tatu za Nyasi

Kitabu kikilowa mvua, msikianike juani. Najua ndivyo mnavyofanya, nimewaona mkivitandaza uwanjani kama kahawa. Kikikauka hivyo kinapinda, na kikishapinda hakikai tena kwenye rafu. Tieni karatasi za gazeti katikati, kila baada ya kurasa kumi, kisha kilazeni chini ya kitu kizito kwa siku tatu. Sisi tulitumia jiwe la kusagia tulilolikuta limetupwa nyuma ya jengo. Ninyi tumieni matofali, hayakosekani.

Naanza na hilo kwa sababu mwalimu aliyeniomba niwaandikie, ninyi vijana mnaokabidhiwa funguo za maktaba za shule, alitaka niseme mambo ya kazi. "Mzee, waeleze ulivyofanya, wapate moyo," aliniambia. Kazi nitawaeleza. Moyo sijui kama mtaupata humu, maana katika miaka yote niliyotunza vitabu, jambo linalonirudia kila siku ni moja nililoliharibu, na aliyeharibikiwa hakuwa mimi.

Maktaba yetu ilikuwa chumba kimoja pale Muleba, jirani na soko, mahali ambapo mabasi ya Biharamulo yalisimama kupakia watu na mikungu ya ndizi. Miaka ile ya ujamaa kila mtu alitakiwa ajue kusoma. Wazee wenye mvi walibanana kwenye madawati ya watoto wakiandika a, e, i, o, u. Na mtu akishajua kusoma lazima apate cha kusoma, asije akasahau. Ndipo tukaletewa makasha ya vitabu: ufugaji wa kuku, kilimo cha maharage, afya, siasa, na chini kabisa, kama vile vimefichwa, vitabu vya hadithi. Watu walichimbua mpaka chini.

Mimi nilijifunzia kazi Bukoba mjini, kwa Bwana Zakaria, Mlutheri wa Kaagya, mtu mkavu asiyecheka ovyo. Siku yangu ya kwanza aliniacha peke yangu na vitabu mia mbili nivipange. Nikavipanga kwa urefu, vifupi mbele, virefu nyuma, vikapendeza kweli. Alipokuja akavitazama kutoka mlangoni. "Laurian," akasema, "umepanga gwaride. Sasa nitafutie kitabu cha kuku." Nilitafuta kitabu cha kuku mpaka mchana. Nilikikuta kimesimama kati ya hadithi mbili za mapenzi, kwa sababu vilikuwa na kimo kimoja.

Yeye ndiye aliyenifundisha gundi ya unga wa muhogo, kwamba ukiipika lazima utie mrututu kidogo, ule ule wa kupulizia mibuni, mende wasile jalada. Alinifundisha kushona uti wa kitabu kwa shazia ya magunia. Na aliniambia jambo moja ambalo nilidhani ni la kizee tu. Mtu akirudisha kitabu, alisema, mtazame usoni kwanza. Kitabu utakikagua akishaondoka. Mimi niliona ni kinyume, maana mtu akishaondoka na ukurasa umechanwa utamkamata nani? Nikaendelea kutazama vitabu.

Sasa niwaeleze habari ya Funzo. Kila mwisho wa mwezi ofisi ya elimu ilitaka fomu: jina la msomaji, jina la kitabu, muhtasari, na safu ya mwisho imeandikwa FUNZO kwa herufi kubwa. Kitabu kilitakiwa kiwe kimemfundisha mtu kitu. Kama hakikufundisha, kwa nini taifa limekinunua? Wasomaji wetu walilijua jibu mapema. Mama mmoja alirudisha hadithi ya msichana aliyekimbiwa na mchumba siku ya harusi, nikamuuliza funzo ni nini. Akafikiri, akakuna shingo. "Andika tulime kwa bidii, Ta Laurian," akasema; Ta kwetu ni kama Bwana. Nikaandika. Mwezi ule nadhani watu kumi na wawili walijifunza kulima kwa bidii, mmoja wao kutoka kwenye kitabu cha kufuga samaki. Ofisini hawakulalamika hata siku moja.

Basi kati ya wasomaji hao akaja Kokushubira. Wote tulimwita Koku. Alikuwa na miaka kumi na mitano, darasa la saba, mwembamba, sauti ya chini. Kila Jumamosi alitembea saa moja na nusu kutoka kijijini kwao, anarudisha kitabu kimoja na kuchukua kimoja. Mama yake alikuwa amefariki zamani. Aliyemlea ni dada yake Adelina, aliyemzidi miaka mitano. Baba yao alikuwa mgonjwa wa kifua, analala tu, na kibanja chao, pamoja na migomba na mibuni yote, kilikuwa mikononi mwa Adelina.

Mara ya kwanza Koku kujaza fomu aliandika kwenye safu ya mwisho neno FUNZA. Alikosea herufi moja, basi. Na mimi, mtu mzima mwenye kalamu mfukoni, nikaona nimepata kichekesho cha siku. Nikainua karatasi nikawasomea waliokuwepo. "Jamani, Koku ana funza." Watu wakacheka. Mnajua funza ni aibu, ni mdudu wa mtu asiyenawa miguu. Mtoto yule alitazama chini, kwenye miguu yake, halafu akaniambia taratibu, "Ndiyo, Ta Laurian. Kitabu kimeniingia, kinawasha."

Nikaacha kucheka. Nilisoma alichoandika. Kilikuwa kitabu cha mwalimu aliyeghushi cheti, anafundisha miaka mingi huku anaogopa kugunduliwa. Koku alikuwa ameandika hivi: "Huyu mwalimu ni mwongo lakini anawapenda wanafunzi. Nikimchukia yeye itabidi nijichukie na mimi, kwa sababu juzi nilimwambia padri nimesali rozari na sikusali. Nampenda kuliko wale wema wanaopewa zawadi mwishoni. Wale wema sijawahi kukutana nao."

Niwaambie ukweli, nilipata furaha siku hiyo. Miaka miwili natuma ofisini tulime kwa bidii, kumbe kuna mtoto anasoma namna hii. Nikampa daftari lake mwenyewe, nje ya fomu, nikamchorea safu na juu yake nikaandika FUNZA. Akatabasamu. Nikamwambia kila kitabu kitakachomwasha aandike humo, asijali funzo, mimi mwenyewe nitamtungia la kupeleka ofisini. Na nikampa mbinu niliyojiona mjanja kuibuni. Nilimwambia, "Usiseme yeye alifanya hivi, yeye alifanya vile. Jifanye wewe ndiye. Sema mimi." Mbinu hiyo ndiyo iliyomziba mdomo mtoto wa watu.

Daftari lile ninalo mpaka leo. Kuna mama anayempendelea mtoto mmoja na kumnyima mwingine, Koku ameandika, "Mimi nampa huyu nyama kwa sababu anafanana na mimi, yule anafanana na mimi zaidi ndiyo maana simpendi." Kuna mlevi anayeuza mabati ya nyumba yake, ameandika, "Mimi nikinywa rubisi watu wananisalimia, nisipokunywa wananipita." Msichana wa miaka kumi na mitano. Nilikuwa nasahihisha kwa wino mwekundu tuliopewa wa kuhesabia vitabu. Nilirekebisha herufi, nikampa alama kwa kumi kama mwalimu. Sikuwa mwalimu. Nilipenda tu kuonekana mwalimu.

Kuna kitabu kimoja kilikuja bila jalada na bila kurasa za mwanzo, sijajua hadi leo kiliitwaje wala nani alikiandika. Tulikiita Sikudhani, kwa jina la msichana aliyemo. Huyu Sikudhani ni yatima wa pwani, anaishi chumba kimoja na rafiki yake, naye yatima. Mchumba wa rafiki anatuma barua kutoka mbali, njoo tuoane. Barua inafikia mkononi mwa Sikudhani, naye anaificha ndani ya sanduku la nguo, si kwa ubaya, anaogopa tu kubaki peke yake. Watu wa Muleba walimchukia sana msichana huyo. Kitabu kilirudi na alama za kucha pale anapoficha barua.

Sasa shikeni hapa vizuri. Watu wa vijijini hawakuwa na sanduku la posta, kwa hiyo wengi walitumia la maktaba. Barua zilifika kwangu, mimi nikawagawia. Mwaka ule nilimsaidia Adelina kuandika maombi ya kwenda chuo cha wauguzi ng'ambo ya ziwa. Alikuja na cheti chake cha darasa la saba kimekunjwa ndani ya kitenge, akaketi mbele yangu mikono juu ya magoti, ikiwa na madoa ya utomvu wa ndizi. Nilimuuliza kwa nini anataka uuguzi. Akasema mama yake alifia njiani akibebwa kwenye machela, na wabebaji wote wanne walikuwa wanaume waliokuwa hawajui la kufanya. "Nataka awepo mmoja anayejua," akasema. Sikubadilisha sentensi hiyo, niliiandika vile vile.

Jibu lilikuja wakati wa senene, wale panzi tunaokaanga na kula, mvua za vuli zimeanza. Adelina hakuweza tena kumwacha baba yake, hali ilikuwa imezidi, kwa hiyo alimtuma Koku aulizie kila Jumamosi. Bahasha ya kaki, ina mhuri wa chuo. Nilimpa Koku mkononi. "Kimbia nyumbani," nikamwambia, "hii ni ya dada yako." Alikuwa amebeba kile kitabu cha Sikudhani kwa mkono mwingine. Aliitia bahasha ndani ya kitabu mvua isiilowe, akaondoka. Nilimwona akipita kwenye matope mpaka akakata kona ya soko.

Jumamosi iliyofuata akarudi na kitabu na daftari. Nikamuuliza, "Dada amefurahi?" Akasema, "Ndiyo, waitu," kwa adabu yetu ya Kihaya. Nilikuwa nimeinamia kitabu nakitafuta madoa, maana majira ya senene watoto wanasoma huku wanakula, mafuta yanapenya kurasa nne, tano. Hicho kilikuwa safi. Ningemtazama usoni kama alivyoniambia Bwana Zakaria, labda leo nisingekuwa nawaandikia haya. Sikumtazama. Nilimpa kitabu kingine, nikabaki na daftari nilisahihishe.

Nawanakilia alichoandika, neno kwa neno:

"Funza. Mimi ndiye Sikudhani. Barua nimeificha. Nimeiweka chini ya nyasi, pembeni, upande wa kitanda cha baba, kila nikifagia naruka pale. Yeye ananiuliza imekuja, nasema bado. Akienda nitabaki na nani. Baba anakohoa. Sitaki akose, nataka tu asiende. Barua inasema afike kabla ya Krismasi, siku imeandikwa. Anayesoma hapa anisaidie kusema, kwa sababu mimi mdomo umekataa."

Ninyi watoto wa nyumba za saruji pengine hamjui habari ya nyasi. Kwetu sakafu ilikuwa ya udongo, inatandikwa nyasi kavu nyumba nzima, watu wanakaa juu yake. Zikichakaa, na hasa sikukuu ikikaribia, unaziondoa zote unatandika mpya zinazonukia. Kila Mhaya wa umri wangu amekulia juu ya nyasi hizo. Mimi mwenyewe nililala juu yake usiku wa kuamkia siku niliyolisahihisha daftari lile.

Na mnajua nilifanya nini? Nilichukua wino mwekundu nikapiga mstari chini ya neno nyasi. Pembeni nikaandika, "Pwani hawatandiki nyasi. Barua ilikuwa ndani ya sanduku. Tena Sikudhani ni yatima, hana baba. Soma vizuri." Chini nikaandika, "Mwisho ni mzuri, una hisia. Saba kwa kumi." Alama tatu nilizitoa kwa sababu ya nyasi. Kwenye fomu ya ofisi, pale kwenye Funzo, nikamwandikia: tusifiche barua za watu.

Niliandika hivyo kwa mkono huu. Barua niliigawa mimi, maombi niliyaandika mimi, baba mgonjwa wa kifua nilimjua, na bado sikuona kitu. Niliona mwanafunzi asiyekuwa makini. Nimejiuliza mara nyingi kama nilikuwa mjinga au nilikuwa na kiburi, na nimefika mahali nakubali kwamba ni kiburi. Nilishampa mbinu ya kusema "mimi", basi kila "mimi" aliyoandika niliihesabu ni kazi ya mikono yangu.

Jumamosi ya pili alipokuja nilimrudishia daftari. Alilisoma amesimama, pale pale mezani. Siku ya chuo ilikuwa bado wiki mbili na zaidi, hilo nimelijua baadaye.

"Ta Laurian, umesoma yote?"

"Yote, mpaka nukta ya mwisho."

"Na nyasi umesoma?"

"Nyasi umekosea, mwanangu. Nimekuonyesha hapo."

Alifunga daftari. Alisema asante, akapiga goti kidogo kama watoto wetu walivyofundishwa, akaondoka bila kuchukua kitabu. Nilidhani amenuna kwa ajili ya zile alama. Nilimwambia mwenzangu wa ofisi ya jirani kwamba watoto wa siku hizi hawapendi kukosolewa. Jumamosi moja alikuja tena, akakaa kwenye benchi bila kusoma, akinitazama nikishona uti wa kitabu. Nilimuuliza kama anataka kitu. Akasema hapana. Nikamwambia basi anishikie uzi, akanishikia mpaka nikamaliza, akaenda zake.

Baada ya Krismasi, kabla mwaka haujaisha, nilikuwa nje napika gundi kwenye kopo. Nikaona Adelina anakuja, peke yake, haraka, viatu mkononi. Hakunisalimia. Alinyoosha bahasha ya kaki. Pembe moja ilikuwa imeliwa na mchwa, na wino wa anwani umetawanyika kwa unyevu. Alikuwa ameondoa nyasi kuukuu atandike mpya za Mwaka Mpya, akaikuta.

"Ta Laurian, hii barua ulimpa nani?"

"Nilimpa Koku."

"Lini?"

Nikamwambia. Alihesabu kwa vidole. Tarehe ya kuripoti ilikuwa imepita karibu wiki tatu. Gundi ikaungulia kwenye kopo, sikuiondoa. Alisema Koku hajatamka neno tangu barua ionekane, amejikunyata kwenye migomba, hali chakula. Amempa daftari tu. Akalitoa kwenye kitenge, akalifungua ule ukurasa, akaniwekea mbele ya macho na kidole chake juu ya wino wangu.

"Wewe alikuambia," akasema. "Mimi hakuniambia. Wewe alikuambia."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Siku ile ile niliandika barua chuoni, nikaeleza kwamba kosa ni la mgawa barua, yaani mimi. Nikaipeleka Bukoba mwenyewe, nikamkabidhi mtu anayepanda meli. Jibu lilikuja baada ya wiki nyingi: nafasi zimejaa, aombe mwakani. Mwakani hakuomba. Baba yao alifariki kabla ya kahawa kuiva, ukoo ukakaa, ukaona msichana wa umri ule anachelewa, akaolewa Rubafu huko ufukweni. Daftari aliniachia siku ile ya gundi, na hakulifuata tena.

Koku alimaliza darasa la saba, hakuchaguliwa kuendelea. Maktabani hakukanyaga tena. Mara mbili nilimwona sokoni akiuza ndizi za kuiva, na mara zote mbili nilipita upande wa pili. Ndiyo, nilimkimbia mtoto. Niliomba uhamisho nikarudishwa Bukoba, na huko nikaambiwa nimefanya kazi nzuri Muleba, fomu zangu zilikuwa zimejazwa vizuri kuliko za wengine wote. Bwana Zakaria alikuwa bado yupo. Nilimsimulia yote. Akaniuliza swali moja tu: siku aliporudisha daftari, uso wake ulikuwaje?

Mambo mengine ya kazi mtajifunza wenyewe. Namba za vitabu, kadi, siku hizi mna kompyuta. Mimi nawaachia hili. Mtoto akisema mtu wa kitabuni anafanana naye, usimpime kama amekisoma kitabu sawasawa. Kitabu unacho, hakikimbii, utakisoma mwenyewe. Na ukikuta neno halimo katika kitabu, limetoka wapi? Acha kalamu umuulize, tena umuulize kwa upole na mko wawili tu. Sijawahi tena kushika wino mwekundu.

Adelina amefariki mwaka huu. Nilipata habari kanisani, nikapanda gari mpaka Rubafu, mzee kama nilivyo. Watu walijaa. Wanawake wengi, wengi mno, na nilipouliza nikaambiwa wale wote aliwazalisha yeye, au aliwazalisha mama zao. Hakuwa na cheti. Wakati mwingine ilishindikana, nikaambiwa, na akishindwa alikuwa anakaa siku nzima nje ya nyumba ya wafiwa akisema angekuwepo mmoja anayejua.

Nyumbani pale walikuwa wametandika nyasi kwa ajili ya matanga, maana wapo wazee wasiotaka kukaa kwenye viti wakati wa msiba. Nikakaa nao chini. Mwanamke mmoja mwembamba, nywele nyeupe tupu, akaja akaketi karibu yangu. Sikumtambua mpaka aliposema, "Shikamoo, Ta Laurian." Sauti ilikuwa ile ile ya chini. Sasa watu wanamwita Ma Koku, ana wajukuu.

Nilikuwa nimejiandaa miaka mingi, nikasahau yote. Nikamwambia tu, "Nilikukosoa nyasi."

"Ulikuwa sahihi," akasema. "Pwani hawatandiki."

"Unasoma siku hizi?"

"Hapana. Funza nilitoa wote." Alichukua jani moja la nyasi akalikunja kwenye kidole, akalikunjua. "Lakini siku ile nilifurahi, unajua. Nilipoona umepiga mstari mwekundu chini ya nyasi, nikasema Ta Laurian amefika pale. Hata uliposema nimekosea, nikadhani unaficha tu watu wasijue. Nikajua kesho utakuja kumwambia. Nikawa nashinda mlangoni natazama barabara."

Nikamuuliza alitazama mpaka lini.

"Mpaka dada alipoanza kuondoa nyasi."